KIFARU KIKUBWA KIMEANGUKA!
Maoni yangu kuhusu zoezi la klasi katika somo la tarakilishi

Mwana hutazama kisogo cha nina. Ndivyo walivyonena wahenga, nami sithubutu kuwapinga. Lakini je, mwana akirithi sura ya nina, sauti ya nina na mwendo wa nina, kisha akakataa jambo moja tu, tuseme ni mwana mpotovu? Katika fani ya kuandika programu za tarakilishi, la hasha! Huko mwana anayejua la kurithi na la kugeuza ndiye hasa anayetafutwa. Tatizo letu ni kwamba mazoezi tunayopewa hayatufundishi kumtambua mwana huyo.

Ndugu msomaji, usifunge jarida ukadhani umepotea njia. Hili bado ni jarida la Chama cha Kiswahili, na nitakayoyasema yanatuhusu sisi tunaokesha na ngeli. Twende pamoja polepole.

Kwanza, klasi ni nini? Ni mpango wa kuundia vitu ndani ya programu, mfano wa kalibu ya fundi wa matofali. Kalibu ni moja, matofali ni mengi. Kila kitu kinachotoka katika klasi huitwa objekti, na kila objekti ina mambo inayoyajua na kazi inazoweza kufanya. Kazi hizo tuziite mbinu. Uzuri wenyewe ni kwamba ukitaka klasi nyingine inayokaribiana na ya kwanza, huanzi upya kama mtu aliyeunguliwa na nyumba. Unaandika klasi mtoto, unamtajia mamake, naye anarithi kila kitu. Kisha unageuza yale tu yasiyomfaa. Huko ndiko kuirekebisha klasi iendane na haja yako.

Fikra hii si ya jana. Ilitoka Norway katika miaka ya 1960, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walibuni lugha ya Simula, na toleo la Simula 67 ndilo lililoleta klasi na klasi mtoto. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Turing mwaka wa 2001. Sasa sikia ajabu. Katika Simula, ukitaka klasi irithi nyingine, uliandika jina la mama mbele ya klasi mpya, na waliita jambo hilo kuweka kiambishi awali. Naam, kiambishi awali, kile kile kinachotutoa jasho katika karatasi ya lugha! Wanorwe wale hawakuwa wakifikiria Kiswahili, lakini mimi nilipolisoma jambo hili nilijisemea, kumbe hawa wametukaribia mlangoni bila kujua.

Sasa hebu tuangalie mazoezi tunayopewa. Karibu kila kitabu kina lile la wanyama. Kuna klasi mama iitwayo Mnyama, yenye mbinu ya kulia. Mwanafunzi anaambiwa aandike klasi ya Mbwa ilie "bweu bweu" na klasi ya Paka ilie "nyau". Anaandika, inafanya kazi, mwalimu anatia alama ya vyema, kengele inalia, tunakwenda kula maharagwe. Kesho muulize mwanafunzi huyo kwa nini alihitaji klasi mtoto. Atakukodolea macho kama aliyeulizwa njia ya kwenda mwezini.

Simlaumu. Zoezi lenyewe halikumpa sababu. Mnyama yule wa kitabuni hana mlio wowote, kwa hivyo mwanafunzi hakugeuza kitu chochote, alijaza pengo tu. Isitoshe, angeweza kuandika kwamba mbwa analia "kokoriko" na tarakilishi isingesema lolote, kwa maana mashine haijui mbwa wala jogoo. Hakuna mahali ambapo mwanafunzi anasoma jibu la mashine akashtuka, "Wee! Hapana, hii si sawa!" Basi hoja yangu ni hii: zoezi la kurekebisha klasi lianze na mama anayefanya kazi vizuri, kisha limlete mtoto ambaye kwake mama huyo anakosea, na kosa hilo liwe la aina ambayo sikio la mwanafunzi linalijua tayari. Na sikio letu linajua nini zaidi ya Kiswahili?

Ngeli ni hazina kwa kazi hii. Nimeandika zoezi ninalopendekeza kwa lugha ya Python, lugha aliyoitoa Guido van Rossum mwaka wa 1991, kwa sababu ni nyepesi kusoma. Mwanafunzi apewe klasi hii ikiwa tayari:

class KiVi:
    def __init__(self, shina):
        self.shina = shina
    def umoja(self):
        return "ki" + self.shina
    def wingi(self):
        return "vi" + self.shina
    def sifa(self, s):
        return "ki" + s
    def tendo(self, t):
        return "kime" + t
    def sentensi(self, s, t):
        return self.umoja() + " " + self.sifa(s) + " " + self.tendo(t)

Asiyezoea asitishike. Neno self ni ile objekti ikijitaja yenyewe, kama mtu anayesema "mimi". Mbinu ya kwanza inapokea shina la neno na kulihifadhi. Nyingine zinabandika viambishi, na ya mwisho inaunganisha sentensi.

Hatua ya kwanza: mwanafunzi aunde kiti kwa KiVi("ti") na kuomba sentensi yenye "kubwa" na "anguka". Mashine itajibu: kiti kikubwa kimeanguka. Safi! Ajaribu kisu, kikombe, kitabu. Vyote vinakubali. Mwanafunzi aanze kumwamini mama huyu, maana imani hiyo ndiyo tutakayoitikisa baadaye.

Hatua ya pili: aambiwe aunde kifaru, yule mnyama mwenye pembe puani, na kiongozi. Mashine, bila haya, itasema: kifaru kikubwa kimeanguka. Halafu: kiongozi kipya kimefika. Hapo ndipo chumba kinapovunjika kwa kicheko. Kiongozi kimefika! Kimebebwa kwa mkokoteni ama? Hakuna aliyehitaji kuambiwa na mwalimu kwamba pana kosa. Tarakilishi yenyewe haikulalamika, haikuandika mstari wowote mwekundu, programu ilikwenda hadi mwisho salama salimini. Kosa limeonwa na sikio. Hilo ni somo kubwa kuliko klasi zenyewe, kwamba programu inaweza kukamilika bila hitilafu na bado ikasema upuzi.

Hatua ya tatu: aandike dawa, lakini kwa masharti. Haruhusiwi kumgusa mama, kwa sababu viti na visu vinamtegemea. Haruhusiwi kunakili mbinu ambayo haina kasoro. Jibu linalotakiwa ni fupi kama mkia wa sungura:

class KiViHai(KiVi):
    def sifa(self, s):
        return "m" + s
    def tendo(self, t):
        return "ame" + t

Sasa KiViHai("faru") atasema: kifaru mkubwa ameanguka. Na KiViHai("ongozi"): kiongozi mpya amefika.

Tusimame hapa kidogo, maana utamu uko hapa. Mbinu za umoja na wingi hazikuguswa. Kifaru bado ni kifaru na wengi bado ni vifaru. Alichokataa mtoto ni upatanisho wa kisarufi pekee. Tena angalia mbinu ya sentensi. Imeandikwa kwa mama, hatukuibadilisha hata herufi moja, na bado imetoa jibu jipya. Imewezaje? Ni kwamba inapofika mahali pa kuita sifa, inaiuliza objekti iliyopo mbele yake. Ikiwa ni kiti, kiti hakina sifa yake, kinatumia ya mama. Ikiwa ni kifaru, kifaru ana yake. Vitabu huchukua kurasa nyingi kueleza jambo hili na wengi tunatoka tukiwa gizani. Kifaru anaeleza kwa mistari mitano.

Najua wakati huu kuna mwanachama mwenzangu ameshainua kidole. "Lakini kifaru hayumo katika KI-VI! Yumo katika A-WA!" Amesema kweli. Tukiainisha ngeli kwa kuangalia upatanisho, kama tunavyofunzwa, kila kiumbe hai huingia A-WA hata kama jina lake linaanza kwa ki-. Tukiangalia umbo la neno, kifaru anafanana na kiti. Ubishi huu ni wa zamani, nami sitaki kuuzima. Nataka kuuingiza kwenye zoezi, uwe hatua ya nne.

Mwanafunzi aletewe viumbe wengine: nyoka, daktari, rafiki. Nyoka habadiliki katika wingi, kama nyumba. Daktari na rafiki huchukua ma-, kama debe na madebe. Ikiwa atafuata njia ile ile ya kwanza, ataandika klasi ya uhai chini ya I-ZI, na nyingine chini ya LI-YA, na kila mara atarudia zile mbinu mbili, "m" na "ame", "m" na "ame". Baadaye mwalimu amwambie aongeze wakati ujao, "ata" badala ya "ame". Lo! Atalazimika kurekebisha mahali patatu. Akisahau pamoja, daktari atapona na nyoka ataharibika.

Ndipo mwanafunzi atakapojiuliza: kwani lazima mama awe KiVi? Tukiandika klasi ya AWa iwe mama wa viumbe vyote, upatanisho utaandikwa mara moja tu. Kila mtoto atageuza umoja na wingi wake basi: mmoja aseme ki- na vi-, mwingine aongeze ma-, mwingine asibadilike. Kwa kifaru peke yake njia hizi mbili zinalingana, maana kila moja inahitaji kugeuza mbinu mbili. Kwa jamii nzima ya viumbe, njia ya A-WA inashinda wazi. Na hapo mwanafunzi atakuwa ameelewa, kwa mikono yake mwenyewe, faida ya uainishaji tunaofundishwa darasani. Niambie ni somo gani jingine linaloua ndege wawili wakubwa hivyo kwa jiwe moja.

Zipo na nyongeza kwa wale wanaomaliza haraka na kuanza kupiga kelele. Waulize kuhusu "eupe". Mashine itasema kikombe kieupe, na sote twajua ni cheupe. Kijana naye atakuwa "meupe" badala ya mweupe. Waulize kuhusu "safi" na "hodari", ambazo hazikubali kiambishi: kisu safi, kijana hodari. Waulize kuhusu chura na vyura. Kila swali linahitaji kurekebisha kidogo, mahali fulani, na kazi yote iko katika kuamua ni mahali gani. Je, kosa la "eupe" lirekebishwe kwa mtoto au kwa mama? Bila shaka kwa mama, kwa sababu kosa ni lake hata kwa vikombe. Kurekebisha klasi ni pamoja na kujua lini usiandike mtoto.

Lakini nyongeza ninayoipenda mimi ni ya kiboko. Kiboko wa Ziwa Naivasha ametoroka. Kiboko cha kuchapia kimekatika. Tahajia ni moja, lakini mmoja ni mnyama na kingine ni mjeledi. Hata kifaru ni vivyo hivyo: yuko wa mbugani na kiko cha jeshi. Katika programu, huyu ataundwa kwa KiViHai na kile kwa KiVi. Sasa muulize mwanafunzi: hivi vitu viwili ni sawa au si sawa? Python ikiachwa yenyewe itasema si sawa, lakini pia itasema kiti na kiti kilichoundwa mara ya pili si sawa, kwa kuwa inatazama kama ni objekti ile ile moja. Ukitaka ilinganishe maneno, ni lazima uandike mbinu maalumu iitwayo __eq__. Ukilinganisha umoja pekee, mnyama na mjeledi watakuwa kitu kimoja. Ni juu ya mwanafunzi kuamua usawa ni nini, kisha autetee uamuzi wake. Vivyo hivyo na __str__, inayoamua objekti ijitambulishe vipi ikichapishwa. Bila hiyo, mashine inatema jina la klasi na nambari ndefu ya mahali kwenye kumbukumbu, utadhani ni namba ya gari lililoibwa. Ikiwekwa, objekti yenyewe itasema "kiboko/viboko".

Wapo watakaopinga. Kuna watakaosema kwamba mtihani hauulizwi kwa Kiswahili. Sawa, lakini tazama tena ile programu. Maneno ya amri ni yale yale ya Python ambayo mtahini yeyote anayajua. Tulichobadilisha ni mada, na aliyeelewa kurithi kwa kifaru hatashindwa na akaunti ya benki. Kuna watakaosema kwamba mashine ni chache na tunang'ang'ania kibodi watano watano. Ni kweli tupu, na ndiyo sababu nyingine ya kuchagua zoezi hili. Hatua ya kwanza na ya pili zinaweza kufanyiwa ubaoni. Mmoja awe mama, mwingine awe mtoto, darasa liwe sikio. Ukifika kwenye mashine, mistari ya kupiga ni michache, inatoshea ndani ya kipindi cha dakika 40.

Tena kuna ugonjwa wa kunakili. Tusidanganyane, wapo wanaonunua miradi ya tarakilishi kwenye mikahawa ya intaneti na kubadilisha jina la juu tu. Zoezi la Mbwa na Paka limeshajibiwa mara elfu. Hili la ngeli mwalimu anaweza kumpa kila mwanafunzi maneno yake. Na aliye na lugha ya mama yenye ngeli, kama Kikamba, Kimeru au Kigusii, aambiwe aandike klasi ya lugha hiyo. Akinakili ya jirani, bibi yake mwenyewe atamkamata.

Ningekuwa mtahini, ningegawa alama 20 hivi: alama 5 kwa kutoa mfano wa kosa kabla ya kulirekebisha, alama 5 kwa kurekebisha bila kumgusa mama pasipo sababu, alama 5 kwa kuleta neno ambalo darasa halikulifikiria, na alama 5 kwa kueleza kwa sentensi zake mwenyewe kwa nini alichagua mama aliyemchagua. Yule aliyekariri atazipata za pili tu, na hata hizo kwa bahati.

Mbona nalitilia uzito jambo dogo kama hili? Kwa sababu mashine zinazoandika, kusahihisha na kutafsiri Kiswahili tayari ziko mifukoni mwa watu. Mtu fulani mahali fulani huamua zitaandika "kiongozi amefika" au "kiongozi kimefika". Huyo fulani akiwa hajui kwamba kiongozi ni mtu, mashine itamfanya kiongozi kuwa kiti, na kijana kuwa kikombe, na hakuna mstari mwekundu utakaotokea. Anayelijua kosa hilo anakaa katika Chama cha Kiswahili. Anayeweza kulirekebisha anakaa katika chumba cha tarakilishi. Mara nyingi hawa wawili hawasalimiani, mmoja akimwona mwenzake mshairi mwota ndoto na mwingine akimwona mwenziwe mtumwa wa mashine. Mwaka wa 2022 KICD iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na za upili. Mlango umefunguliwa. Lililobaki ni mazoezi tutakayoyaingiza humo, na kama yatakuwa ya kuazima siku zote.

Basi, walimu wetu wa tarakilishi, nawaomba muhula ujao muwape likizo Mbwa na Paka. Waiteni walimu wa Kiswahili vipindi viwili tu, mkae pamoja, mchague maneno kumi yanayokataa kumtii mama yao. Nanyi wanachama wenzangu, msingoje kuitwa. Ingieni chumba kile na orodha zenu za ngeli, maana mcheza kwao hutuzwa.